Jibu: Fomu ya kupokea majeruhi Kivu. Futa hiyo safu ya "kikosi" kabla hujaanza kazi

Dada, usiichapishe hiyo fomu.

Umeuliza mambo manne kwa mpigo: dawa na vifaa vya kwenda navyo hospitali ya Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, mshahara na bima vikoje, nani atibiwe kwanza wakiletwa majeruhi wa pande mbili, halafu mwishoni, kama jambo la kupita tu, ukaomba mtu akusaidie kupanga kwenye Excel safu ya "Hadhi ya mgonjwa" yenye machaguo: raia, FARDC (jeshi la serikali ya Kongo), Wazalendo (wanamgambo wanaopigana upande wa serikali), M23 (waasi), nyingine. Unataka rangi zijibadilishe zenyewe ili mratibu wako wa takwimu azisome kwa urahisi. Nitakaa zaidi kwenye hilo la mwisho, maana mengi ya hayo mengine ukiyakosea yanarekebishika.

Kanuni ninayoishika ni moja: hospitali ya kiraia haiandiki popote mgonjwa alikuwa anapigana upande gani. Haiandiki kwenye rejista wala kwenye kadi ya kitanda, na haiandiki kwenye barua ya rufaa, kwenye ankara au kwenye simu. Nimefanya kazi kwenye hospitali za namna hiyo. Fomu kama yako nimeiona ikitumika, na nimeona ikisomwa na watu ambao haikuandikwa kwa ajili yao.

Anza na jambo ambalo liko wazi kwa dunia nzima. Usiku wa tarehe 28 Februari 2025, mwezi mmoja baada ya M23 kuingia Goma, wapiganaji wake waliingia hospitali mbili za mji huo, CBCA Ndosho na Heal Africa. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema wanaume wagonjwa na majeruhi wasiopungua 130 walichukuliwa, 116 kutoka Ndosho na 15 kutoka Heal Africa, kwa kushukiwa kuwa askari wa FARDC au Wazalendo. Walitolewa vitandani, watu wenye vidonda. Sasa iweke fomu yako mezani usiku kama ule. Safu yenye rangi, iliyopangwa kwa kikosi, yenye jina na namba ya kitanda pembeni. Umemfanyia kazi yote anayekuja kuchukua watu. Amebakiza kusoma na kunyoosha kidole.

Na usijipe moyo kwamba upande unaoshika mji leo ni rafiki wa hospitali. Goma ilitekwa Novemba 2012, ikarudi serikalini Desemba mwaka huohuo, ikatekwa tena Januari 2025. Bukavu ikafuata Februari. Rejista haihami mji unapobadilisha mikono. Inabaki kabatini palepale, na anayeifungua kesho ni adui wa yule uliyemwandikia jana. Aliyeandikwa FARDC alikuwa salama Desemba, akawa hatarini Februari. Aliyeandikwa M23 hali yake ni hiyohiyo kwa kugeuzwa. Hakuna chaguo kwenye orodha yako ambalo ni salama kwa mwaka mzima, hata "raia", kwa sababu ukishaandika wachache kuwa raia, wote waliobaki wamejulikana.

Najua ulichoambiwa, maana huwa tunaambiwa kilekile. Kwamba takwimu lazima zikamilike, kwamba mfadhili anataka kujua raia wangapi wanaumia, na kwamba eti Mikataba ya Geneva yenyewe inaagiza utambulisho wa majeruhi uandikwe. Hili la tatu linaniudhi kuliko yote, kwa sababu lina chembe ya kweli ndani yake na ndiyo maana wauguzi wanalimeza. Kifungu cha 16 cha Mkataba wa Kwanza wa 1949 kinataka kuandikwa jina, namba ya kijeshi na jeshi la majeruhi wa upande wa pili. Lakini kinawaagiza akina nani? Pande zinazopigana, kwa watu wa adui walioangukia mikononi mwao, ili habari zifike kwenye ofisi maalumu ya taarifa na familia zijue ndugu zao wako wapi. Ni wajibu wa jeshi. Muuguzi wa hospitali ya kiraia hatajwi humo. Mtu anayesimama mbele ya darasa la wauguzi na kukigeuza kifungu hicho kuwa safu ya Excel anacheza na roho za watu, na ikifika usiku wa kuja kuchukuliwa wagonjwa yeye hayupo zamu. Wanaotunga fomu hizi wanakaa mbali na wodi, wanatumia kiolezo kilekile walichotumia nchi nyingine, na hawajawahi kuulizwa na mwenye bunduki ufunguo wa kabati uko wapi.

Kinachokuhusu wewe kipo kwenye Itifaki ya Pili ya 1977, nyongeza ya Mikataba ya Geneva, kifungu cha 10, na Kongo imeiridhia. Hakuna anayeruhusiwa kukuadhibu kwa kumtibu mtu, awe nani, mradi umefuata maadili ya tiba. Siri za mgonjwa unazozipata kazini zinaheshimiwa, na huwezi kuadhibiwa kwa kukataa kuzitoa. Hayo mawili ya mwisho yamewekewa sharti la sheria za nchi. Kwa hiyo kabla hujavaa koti, muulize mganga mkuu wa hospitali sheria ya pale inataka nini kuhusu majeraha ya silaha. Sisi Watanzania tumekua na PF3, na mkono unakwenda wenyewe kuulizia fomu ya polisi mtu akija na jeraha la kisu au risasi. Hiyo tabia iache mpakani. Taarifa za magonjwa ya mlipuko, kipindupindu, Ebola, mpox, hizo zinaendelea kutolewa kama kawaida, kwa sababu hazisemi mtu alikuwa ameshika nini mkononi.

Kuna sababu ya kitabibu pia, na hii ndiyo waandaaji wa fomu hawaifikirii kabisa. Ukimuuliza majeruhi "wewe ni wa kikosi gani" pale mlangoni, kila jibu linalofuata limeharibika. Ataficha kikosi, halafu ili uongo usimame ataficha na mahali, ataficha saa, atasema alianguka na pikipiki. Wewe unahitaji saa aliyoumia kwa udi na uvumba. Kidonda cha risasi kilichokaa saa 2 na kilichokaa saa 20 havifanani kwa maambukizi. Mkanda uliokazwa mguuni kuzuia damu tangu alfajiri ni habari tofauti kabisa na uliokazwa nusu saa iliyopita. Baada ya saa kadhaa mguu wenyewe unaanza kufa, na kuufungua ovyo kunaweza kumwaga sumu mwilini. Mtu aliyekudanganya saa kwa sababu ulimuuliza kikosi anaweza kufa kwa swali ambalo halikuwa na kazi. Wengine hawafiki kabisa. Habari kwamba hospitali inaandika upande wa mtu inasambaa kambini haraka, na kinachofuata ni vijana kukaa porini na kidonda siku nne, wakaletwa kimeshaoza.

Rejista yako iwe hivi. Namba ya mfululizo, tarehe na saa ya kufika, saa ya kuumia kwa maelezo yake, jinsia, umri wa kukadiria, kilichomjeruhi (risasi, vipande vya bomu, mlipuko, moto, panga), sehemu ya mwili na upande, mapigo, presha, pumzi, fahamu, kundi la triaji (mpangilio wa nani atibiwe kwanza), alichopewa na saa aliyopewa, pepopunda kachanjwa au la, mzio wa dawa, na kwa wanawake mimba. Basi. Kwenye kadi ya kitanda iwepo ile namba ya mfululizo na taarifa za dawa, bila jina. Majina yanakaa kwenye daftari jingine linalounganisha jina na namba, linashikwa na mtu mmoja kwa zamu, linafungiwa kando na rejista. Usiyafute majina ukidhani ndiyo usalama. Bila jina unachanganya damu za watu wawili, na mama aliyetembea kutoka Masisi akimtafuta mwanawe anarudi mikono mitupu. Jina ni la matibabu na la familia. Akiwa hana fahamu, andika alama za mwili: kovu, jino lililotoka, kimo. Usiandike sare. Akipata fahamu na akataka kuwajulisha ndugu, kuna huduma ya Msalaba Mwekundu ya kutafuta ndugu na kupeleka ujumbe, na yeye mwenyewe ndiye anayeamua kiandikwe nini.

Mfadhili anataka kuonyesha raia wanavyoumia? Mpe jinsia, umri chini ya miaka 15, aina ya silaha na sehemu ya mwili. Ukimwonyesha idadi ya wanawake na watoto waliojeruhiwa kwa vipande vya bomu katika mwezi, atakuwa na picha anayoihitaji, na hakuna atakayekamatwa kwa picha hiyo.

Safu ukishaifuta, angalia inavyorudi kupitia milango mingine, kwa sababu itarudi. Barua ya rufaa ni mlango wa kwanza. Gari la wagonjwa linapita vizuizi, karatasi inasomwa na kila anayesimamisha gari, na mwandishi kaandika "askari aliyejeruhiwa mapiganoni Sake". Andika "mwanaume, miaka kama 25, jeraha la risasi paja la kushoto, mfupa umevunjika", inatosha kwa daktari anayempokea. Ankara ni mlango wa pili: hospitali nyingine zinadai jeshi gharama za askari wake, na orodha ya madai inakuwa orodha ya majina. Hilo ni la kupambana nalo kwa mganga mkuu mapema, majeruhi wote wahudumiwe kwa utaratibu mmoja wa malipo au wa bure. Kuna jina la wodi. Ukisikia watu wanasema "wodi ya wanajeshi", changanya wagonjwa kwa aina ya kidonda siku hiyohiyo. Kuna makabidhiano ya zamu, ambapo mtu anasema kwa sauti "kitanda cha nane, yule Mzalendo", huku mlinzi wa jirani yake anasikiliza. Kuna ubao wa ukutani. Kuna sare: ikatwe, iingie kwenye mfuko, wapewe wenzake walioko nje au ichomwe. Isining'inizwe kitandani na nembo ikitazama mlango.

Na simu. Dada, simu ni mbaya kuliko rejista. Mnapiga picha ya kidonda mnatuma kundi la WhatsApp kuomba ushauri wa daktari wa upasuaji, na kwenye kona ya picha kuna uso, kuna chale, kuna mkanda wa kijeshi. Picha inajihifadhi kwenye simu za watu 30. Mmoja wao anasimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani anaambiwa afungue simu. Picha za kitabibu zipigwe kwa simu moja ya hospitali, huduma ya kuonyesha mahali (location) izimwe, kidonda peke yake kwenye kitambaa cha kijani, ifutwe ushauri ukishapatikana. Hiyo faili yako ya Excel nayo inajipandisha yenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni na inabaki na matoleo ya zamani. Kuficha safu hakuifuti.

Swali la kamanda litakuja, na litakuja kwa upole mara ya kwanza. Atasema anataka tu kujua vijana wake wangapi wako kwako ili awaletee chakula. Jibu ni moja na linatolewa na mtu mmoja, mganga mkuu au aliyemteua, wala si muuguzi wa zamu: "Leo tuna majeruhi 23. Hatuandiki wanatoka upande gani. Anayetaka kuonana na ndugu yake aache silaha getini, amtaje kwa jina, nasi tutamuuliza mgonjwa kama anataka kuonwa." Angalia kwamba kila sentensi hapo ni kweli. Usimdanganye kamanda hata mara moja. Ukisema "hakuna" na yupo, akimkuta, amepata sababu ya kupekua hospitali nzima kila wiki. Ukisema "hatuandiki" na kweli hamuandiki, anaweza kupekua rejista yote asikute kitu, na muuguzi hawezi kubanwa atoe asichokuwa nacho. Akija na hati ya kisheria, ipokelewe na mganga mkuu, inakiliwe, ijibiwe kwa maandishi. Akija na bunduki usiku, hakuna muuguzi anayepaswa kusimama mlangoni. Mpishe, na utafurahi kwamba kabati halina kitu cha kumpa.

Silaha getini si mapambo, kwa hiyo weka stika ya bunduki yenye mstari mwekundu na mlinzi asiye na silaha anayejua kuongea na watu. Majeruhi aletwapo, wenzake wanabaki na silaha yake nje, hospitali haitunzi. Sheria inasema silaha ndogo walizovuliwa majeruhi na ambazo bado hazijakabidhiwa haziondoi kinga ya hospitali, lakini chumba kilichojaa bunduki hakuna atakayekisomea sheria. Kabla ya kumnyanyua kwenye machela, kata nguo utazame, mifukoni na kiunoni. Ukiona guruneti usiliguse wala usilivute, toa watu chumbani, aitwe mwenzake anayelijua. Majeruhi aliyelala kwako hapigani tena, na kumtibu si kumficha. Usije ukakubali pia kinyume chake, mtu mzima wa afya aliyevaa gauni la mgonjwa ili apite kizuizi. Hapo kinga ya kila aliye kitandani inakwenda na maji.

Nani atibiwe kwanza? Mkataba wa Kwanza, kifungu cha 12: haja ya haraka ya kitabibu peke yake ndiyo inayopanga foleni. Kwa vitendo ni makundi manne. La kwanza, wa kuokolewa sasa hivi na kupasuliwa mara moja, mfano njia ya hewa imeziba au damu inatiririka. La pili, wanaohitaji upasuaji lakini wanaweza kusubiri. La tatu, wenye vidonda vidogo wanaotembea. La nne, walioumia kiasi kwamba kwa uwezo wenu wa siku hiyo hawatapona. Hawa wapewe dawa ya maumivu, wasiachwe peke yao, na wapimwe tena kila foleni inapopungua. Anayepanga makundi ni mtu mmoja mwenye uzoefu na hatibu. Akianza kushona, foleni imekufa. Na unaona tena kwa nini kikosi hakitakiwi kuwa mezani: mpanga foleni anayejua kikosi atapanga kwa kikosi, hata akiapa hafanyi hivyo, na wenzake wa majeruhi watajua.

Kuhusu vifaa nitasema kimoja tu. Jeraha la risasi halishonwi siku ya kwanza. Linasafishwa, nyama iliyokufa inakatwa, linaachwa wazi, linafunikwa kwa bendeji nene iliyo kavu, na halifunguliwi kila asubuhi kwa kuchungulia. Linafunguliwa chumba cha upasuaji siku ya 4 au ya 5, likiwa safi ndipo linafungwa. Lifunguliwe mapema kwa homa, harufu, au maumivu yanayozidi. Uso na kichwa vina utaratibu wake, daktari wa upasuaji atakuelekeza. Kwa hiyo shashi na bendeji zitakwisha kabla ya nyuzi.

Mratibu wako atalalamika ukiifuta safu. Mwandikie leo, kabla hujasafiri, na mganga mkuu apate nakala: "Nimeondoa safu ya hadhi kwenye fomu ya mapokezi. Hospitali haitakusanya taarifa za upande wa mgonjwa kwa sababu zinamweka hatarini na hazina matumizi ya tiba. Badala yake nitatuma kila wiki jumla kwa jinsia, umri, aina ya silaha na sehemu ya mwili. Naomba safu hiyo iondolewe pia kwenye kiolezo chenu, na faili zote za zamani zenye safu hiyo zifutwe pamoja na nakala zake za mtandaoni. Tafadhali nijibu kwa maandishi." Akijibu kwa simu tu, mwambie aandike.